Pointi za leseni: deni, salio, na saa inayozifuta

Bahasha imefika. Ndani kuna picha ya gari lako, tarehe, saa na dakika, mwendo uliokuwa unakwenda, na mstari mmoja unaotaja pointi tatu. Faini unaielewa: ni hela, inauma, inaisha. Hizo pointi ndizo zinazokuacha unakuna kichwa. Tatu kati ya ngapi? Zinakaa muda gani? Na kama barua inakupa nafasi ya kwenda kozi badala ya kuzipokea, uende?

Wengi wanaolinganisha mifumo ya pointi za nchi mbalimbali huanza na kikomo, yaani pointi zinazotosha kukupotezea leseni, kana kwamba ni bei. Uingereza ni 12, Ujerumani 8, Italia 20, New Zealand 100. Ukiziangalia hivyo, New Zealand inaonekana nchi ya wapole. Lakini kule kosa moja la mwendo kasi linaweza kubeba pointi 35, na ukifikisha 100 ndani ya miaka miwili unafungiwa leseni miezi mitatu. Mia yao si kubwa kuliko 12 ya mwingine. Binafsi siku hizi namba naiangalia mwisho. Kwanza nauliza pointi inafutikaje na lini, maana hapo ndipo mifumo inapotofautiana hasa.

Deni au salio

Kuna namna mbili za kuhesabu. Ya kwanza inakuandikia deni: unaanza sifuri, kila kosa linaongeza, ukifika kikomo unafungiwa. Uingereza, Ireland, Ujerumani, Japani na Australia wanahesabu hivyo. Ya pili inakupa salio: unaanza na pointi zako mkononi, kila kosa linakata, na salio likiisha leseni imekufa. Ufaransa ilianza hivyo Julai 1992 kwa pointi 6, zikapandishwa hadi 12 mwaka huohuo, Italia Julai 2003 kwa pointi 20, Hispania Julai 2006 kwa pointi 12.

Kwa hesabu tupu ni kitu kilekile. Kupanda kutoka 0 hadi 12 na kushuka kutoka 12 hadi 0 ni ngazi moja. Tofauti ya kweli ni kwamba salio linaweza kuongezwa. Dereva wa Italia akikaa miaka miwili bila kosa la pointi anapata mbili za ziada, na anaweza kupanda mpaka 30. Hispania wanakupandisha mpaka 15. Kwenye deni, aliyeendesha miaka 30 bila doa ana sifuri, na aliyepewa leseni jana ana sifuri. (Virginia, Marekani, wamelitatua hilo kwa njia yao: kila mwaka msafi unakupa pointi moja ya heri, mpaka tano, juu ya sifuri.) Kama ningekuwa mtunga sheria, kwa hili tu ningechagua salio. Watu hulinda walicho nacho kuliko wanavyokwepa wasichokuwa nacho bado.

Salio lina ugomvi wake, hata hivyo. Mfumo ulipoanza Ufaransa mwaka 1992, madereva wa malori walifunga barabara kuu nchi nzima. Ukiwasikiliza, hoja yao haikuwa ya kijinga: pointi za mtu anayeshinda barabarani kutwa si sawa na pointi za anayewasha gari siku ya mapumziko. Hispania wamelizingatia hilo kidogo. Dereva wa kazi aliyemaliza salio anasubiri miezi mitatu kabla ya kupata leseni tena, wengine miezi sita. New South Wales, Australia, inampa dereva wa kazi kikomo cha 14 badala ya 13. Pointi moja tu. Ni kama kumpoza mtu kwa pipi.

Dereva mmoja, nchi sita

Tumchukue dereva wa kufikirika, si mpya, mwenye leseni safi. Mwezi Machi anakamatwa ameshika simu akiendesha. Novemba mwaka uleule anapita taa nyekundu iliyotoka kubadilika. Kisha anatulia miezi 19, na Juni kamera inamnasa kilomita 9 juu ya mwendo unaoruhusiwa mjini. Makosa matatu katika miezi 27, hakuna ajali, hakuna pombe. Tuseme pia hakupewa kozi yoyote.

| Mahali | Simu | Taa | Mwendo | Anaishia wapi |
|---|---|---|---|---|
| Uingereza | 6 | 3 | 3 | 12 kati ya 12: anafungiwa si chini ya miezi 6 |
| Ufaransa | 3 | 4 | 1 | salio 4 kati ya 12 |
| Hispania | 6 | 4 | 0 | salio 2 kati ya 12 |
| Ujerumani | 1 | 1 | 0 | 2 kati ya 8 |
| New South Wales | 5 | 3 | 1 | 9 kati ya 13 |
| Japani | 3 | 2 | 1 | 1 |

Mtu yuleyule, makosa yaleyale. Uingereza anatembea kwa miguu nusu mwaka, Japani anahesabiwa pointi moja.

Mstari wa Japani si kosa la uchapaji. Kule ukikaa mwaka mzima bila kosa, pointi za nyuma hazihesabiwi tena. Zile tano za simu na taa zilishazimika kabla ile miezi 19 ya utulivu haijaisha, ikabaki moja ya mwendo. Makosa yote matatu yangetokea ndani ya miezi mitatu, angefika sita, na kwa asiye na historia sita ni kufungiwa siku 30. Kumi na tano ni kunyang'anywa leseni kabisa.

Ujerumani nayo inaonekana laini kuliko ilivyo. Kabla ya Mei 2014 kikomo kilikuwa 18, wakakishusha hadi 8, lakini makosa nayo yakapangwa upya: moja, mbili au tatu basi. Mwendo uliozidi kidogo hauingii kabisa kwenye daftari lao la mji wa Flensburg. Ukali wameuweka kwingine. Huyu dereva wetu angepita ile taa ikiwa nyekundu kwa zaidi ya sekunde moja, zingekuwa pointi mbili na mwezi mzima bila kuendesha kwa kosa hilo moja, hata kama daftari lake lilikuwa jeupe. Kwa hiyo anayesema "Ujerumani nina mbili tu kati ya nane" asijisifu mapema.

Na New South Wales kuna mtego wa kalenda. Siku za sikukuu ndefu pointi za mwendo, simu, mkanda na kofia ya pikipiki huzidishwa mara mbili. Simu yetu ya Machi ikiangukia wikendi ya Pasaka inakuwa 10, jumla 14, na kikomo ni 13. Amefungiwa miezi mitatu kwa sababu ya tarehe.

Saa

Saa za kufuta pointi ziko za aina nne, na aina ndiyo inayoamua maisha yako na leseni yatakuwaje.

Uingereza wana dirisha linalosogea: wanahesabu makosa yaliyotendwa ndani ya miaka mitatu. Hapa watu hujichanganya sana, kwa sababu pointi hubaki kwenye rekodi miaka minne ingawa zinahesabiwa mitatu, na za ulevi hubaki 11. Mtu anaona pointi bado zimeandikwa anadhani bado zinamkaba, kumbe kwa hesabu ya kufungiwa zimeshatoka dirishani. Kampuni ya bima, hiyo ni habari nyingine. Ufaransa kampuni za bima haziruhusiwi kuona salio lako. Uingereza bima huuliza juu ya makosa yako, na kudanganya ni kujitia kitanzi.

Ujerumani kila pointi ina saa yake ya mkononi. Kosa la pointi moja hufutika baada ya miaka miwili na nusu, la mbili baada ya mitano, na jinai iliyosababisha kupoteza leseni baada ya kumi. Zamani kosa jipya lilizuia la zamani lisifutike. Tangu 2014 hapana, kila moja inakufa kwa wakati wake. Ukipenda kujua umesimama wapi bila kuajiri mwanasheria, huu ndio mfumo rahisi kuliko yote, na ndio ninaouona wa haki zaidi. Pia wana utaratibu wa kukuonya njiani: ukifika nne unaandikiwa barua, ukifika sita barua nyingine kali zaidi, ukifika nane leseni inaondoka na huwezi kuomba nyingine kabla ya miezi sita.

Aina ya tatu ni saa ya utulivu. Haihesabu umri wa pointi bali urefu wa ukimya wako. Japani mwaka mmoja, Hispania miaka miwili, Ufaransa kwa kawaida miaka mitatu, kisha salio linarudi kamili. Dereva wetu wa Hispania mwenye salio 2 anaonekana yuko ukingoni, lakini kosa lake la mwisho la kukatwa pointi ni la taa. Akimaliza miaka miwili tangu adhabu ile iwe rasmi, anarudi 12. Kwa kubadilisha tabia naiamini saa hii kuliko nyingine, kwa kuwa inamfanya mtu ahesabu siku za usafi. Ubaya wake ni kwamba kosa dogo linairudisha nyuma mpaka mwanzo. Pale Ufaransa, mwenye salio 4 aliyekaa kimya miaka miwili na miezi kumi na moja, akinaswa kwa pointi moja, anaanza kusubiri upya. Ile moja yenyewe inarudi baada ya miezi sita ya utulivu. Zile kubwa ndizo zinazoendelea kungoja. Tangu Januari 2024 wamepunguza makali kidogo: kuzidisha mwendo kwa chini ya kilomita 5 kwa saa kunaleta faini lakini hakukati pointi.

Aina ya nne ni ya Uchina: mzunguko wa miezi 12, pointi 12, na mzunguko ukiisha na faini umelipa, unaanza upya. Rahisi kama kuhesabu vidole. Lakini pointi zinazoisha zenyewe kila mwaka zinaalika biashara, na ndivyo ilivyokuwa: wasioendesha sana wakawa wanauza nafasi zao kwa waliobanwa, mmoja anakubali kosa la mwingine kwa malipo.

Madereva wapya

Hapa karibu kila nchi inabana. Uingereza pointi 6 ndani ya miaka miwili ya kwanza zinafuta leseni, na unarudi kuwa mwanafunzi: mtihani wa nadharia, mtihani wa barabarani, vyote upya. Rudi kwenye jedwali uone simu ni pointi ngapi. Mara moja tu kushika simu, basi. New South Wales dereva wa hatua ya kwanza ana kikomo cha 4, simu ni 5. Ufaransa wanaanza na salio 6, na kukatwa tatu kwa mpigo kunakulazimisha kwenda kozi. Hispania wanaanza na 8. Italia wanakata mara mbili kwa miaka mitatu ya mwanzo. Ujerumani hawapunguzi kikomo. Wanakuweka kwenye majaribio ya miaka miwili, na kosa kubwa linakupeleka darasani na kuyarefusha hadi minne.

Kama una kijana nyumbani anayesubiri leseni, msomee aya hiyo kabla ya kumpa ufunguo.

Pointi ni ya nani

Askari akikusimamisha, jibu ni rahisi. Kamera haijui jina lako, inajua namba ya gari. Uingereza mwenye gari anapewa siku 28 kumtaja aliyekuwa anaendesha, na asipomtaja anapewa yeye pointi 6, mara mbili ya lile kosa dogo la mwendo. Ujerumani ni lazima dereva atambulike, ndiyo maana kamera zao hupiga uso. Mwenye gari halazimiki kujitaja wala kumtaja ndugu yake wa karibu, ila anaweza kuamriwa kutunza daftari la kila safari ya gari hilo.

Wapo wanaoona njia ya mkato: pointi abebe mke, shangazi, mtu asiyeendesha. Chris Huhne, aliyekuwa mbunge wa Bunge la Ulaya mwaka 2003 na baadaye waziri wa Uingereza, alinaswa kwa mwendo kasi na pointi zake zikabebwa na mkewe wakati huo, Vicky Pryce. Mwaka 2013 wote wawili walihukumiwa miezi minane jela kwa kupotosha haki. Pointi tatu.

Ukipewa kuchagua

Sasa turudi kwenye ile bahasha. Mara nyingi una njia tatu: kupokea pointi, kwenda kozi, au kupinga.

Kozi ni neno moja lenye maana tofauti kila mahali. Uingereza, kozi ya mwendo kasi inachukua nafasi ya pointi: ukihudhuria, faini na pointi haviandikwi kabisa. Polisi ndio wanaoamua kukupa, hupewi ukiwa umezidisha sana, na hupewi kama ulishahudhuria ndani ya miaka mitatu. Ufaransa kozi haizuii pointi kukatwa, inarudisha hadi nne; ni siku mbili mfululizo, unajilipia, na ni mara moja kwa mwaka. Ujerumani inafuta pointi moja tu, mara moja kila miaka mitano, na lazima uwe hujavuka tano. Ukifika sita umechelewa.

Kwa hiyo ushauri wangu hautofautiani na wa mtu anayenunua dawa: angalia unaugua nini. Uingereza, ukipewa kozi ya mwendo kasi, nenda, hata kama una sifuri. Ufaransa, ukiwa na salio 10 usikimbilie, kwa maana ukiitumia leo huna tena mpaka mwaka uishe, na pengine utulivu ungezirudisha bure. Ukiwa na 4, nenda wiki hii. Barua ya kufuta leseni ikishakufikia, kozi haisaidii kitu. Ujerumani, ifikirie ukiwa na nne au tano, si moja.

Nimewahi kukaa kwenye kozi ya namna hii. Mkufunzi alichora mstari ubaoni akauliza gari lenye mwendo wa maili 30 kwa saa linahitaji mita ngapi kusimama. Tukakisia saba, kumi, kumi na tano. Kwa kitabu cha sheria za barabarani cha Uingereza ni 23: tisa unawaza, kumi na nne unafunga breki. Kisha maili 40. Ni 36. Akachora mtoto wa vijiti kwenye ile nafasi ya katikati, akaweka chaki chini bila kusema neno. Pointi sijui, ila ule mchoro ninao mpaka leo.

Kupinga kuna maana pale ambapo kweli si wewe, au kipimo kina kasoro. Kupinga ili kununua muda ni mchezo wa hatari. Uingereza aliyefika 12 anaweza kuiambia mahakama kwamba kufungiwa kutaleta taabu isiyo ya kawaida, na mahakama inaweza kukubali. Lakini sababu ileile haiwezi kutumiwa tena ndani ya miaka mitatu. New South Wales wana dau lao: badala ya kufungiwa, unaweza kuchagua miezi 12 ya mwenendo mwema. Ukipata pointi mbili au zaidi ndani yake, unafungiwa mara mbili ya muda wa awali. Kwa mtu ambaye makosa yake ni ya simu, ningemwambia akubali miezi mitatu yaishe. Mkono unaozoea simu hauachi kwa mwaka mmoja wa woga.

Je, nchi inayotaka kuanzisha mfumo ichague upi? Mwaka 2012 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Sevilla walikusanya tafiti za nchi nyingi na kuona kwamba mfumo wa pointi ukianza, ajali, vifo na majeruhi hushuka kwa asilimia 15 hadi 20, kisha athari hiyo hufifia ndani ya miezi isiyozidi 18. Watu huogopa kwanza, halafu wanagundua kwamba hakuna anayewakamata. Mimi ningechukua salio la Italia, saa ya Japani, barua za onyo za Ujerumani, na hela zote zinazobaki ningezitia kwenye askari na kamera.

Na yule dereva wetu wa Uingereza? Hakuwa na haja ya kufika 12. Kilomita 9 juu ya mwendo ni kosa la kiwango ambacho kwa kawaida huangukia kwenye kozi. Angepewa na akaenda, angebaki na 9. Miezi tisa baadaye, Machi, zile sita za simu zingetoka kwenye dirisha la miaka mitatu, na mkononi angebaki na tatu za taa tu, nazo za kuisha Novemba ya mwaka huohuo.